Mtoto Asiyeitika

Malaba,
Jumapili, 16 Mei 1976

Kwa dada yangu Hadijah,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo kabla sijasema lolote lingine. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa moshi wa kuni mbichi. Mume wangu naye ni mzima, mgongo ndio unamsumbua, magunia ya kahawa si mchezo. Je, wewe? Na mama yako huko Busia, ule mguu umepona au bado anatembea na fimbo?

Dada, siku Ali wa dukani aliponiambia kwamba yaya wa bweni katika ile shule ya masista huko Funyula ni wewe, Hadijah wangu wa darasa la tano, nililia pale pale mbele ya mizani. Ali akauliza, "Mama, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, ni furaha. Akasema, "Basi lia nje, furaha yako inanifukuzia wateja."

Huyo mtoto mliyempokea tarehe nne ni wangu. Ni yule wa shati ya kijani, anayeburuta mguu wa kushoto, na udenda haumkauki kidevuni. Ana miaka sita. Maneno yake hayazidi saba, lakini anaelewa, dada, anaelewa mambo mengi. Nikimwita akiwa nyuma ya nyumba anakuja mbio na huo mguu wake mpaka anaanguka.

Nakuambia neno ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi nauza uji kwa madereva wa malori hapa mpakani. Siwezi kwenda naye, yeye hajui gari ni nini, ataingia barabarani. Basi nilikuwa namfunga kamba kiunoni, na ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda, mpaka nirudi saa nne. Utaona alama. Usinihukumu.

Sasa mume wangu, yeye ndiye aliyempeleka akajaza zile fomu, amerudi akasema amepokewa kwa kujaribiwa tu, muhula mmoja. Vitanda ni ishirini na wanaongoja ni wengi. Tarehe sita Agosti daktari anakuja kutoka Kisumu, anasoma karatasi za kila mtoto, na asiyeonyesha kuelewa anarudishwa kwao. Akirudishwa ni kamba, dada. Sina mahali pengine.

Niambie wanafanya nini huko kutwa. Ameanza kuandika herufi a? Ukimwona anaangalia mlango, mwambie nakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Leonida


Funyula,
Alhamisi, 27 Mei 1976

Mdogo wangu Leonida,

Asalaam aleikum, na ukiitikia kwa ya kwenu pia ni sawa. Mimi sijambo, homa ya juzi imeniachia. Mama bado ana fimbo, lakini sasa anaitumia kufukuzia kuku wa jirani, kwa hiyo najua amepona.

Mwanao hajambo. Alilia siku tatu, ya nne akala. Alama nimeziona wakati wa kumwogesha. Sikukuhukumu. Hapa karibu wote wana alama mahali fulani.

Umeuliza habari ya a. Usiingoje, hapa hata ubao wa kuandikia hatuna. Wakishaoga wanatembea juu ya ubao mrefu uliolazwa chini, mmoja mmoja, mikono wameitanua, kama watu wanaovuka mto kwa gogo. Wako amefika nusu. Baadaye wanachambua: bakuli lina maharagwe na mahindi yamechanganywa, maharagwe yaende sahani hii, mahindi sahani ile. Wako mahindi anayatia mdomoni. Saa nne wanamwagilia kabichi kwa makopo yaliyotobolewa. Alasiri ni ngoma: Mwalimu Zephaniah anapiga, wanatembea, akinyamaza, wasimame. Wako hasimami, lakini anacheka sana. Ukiniuliza yote haya ni ya nini, mwezi wangu wa kwanza hapa mimi pia sikujua. Nilidhani tunacheza tu mpaka wazazi wachoke. Sasa nimeona mtoto aliyekuwa hawezi kushika kijiko anavaa sweta yake mwenyewe.

Ila kuna jambo, na siwezi kukuficha. Vikombe vya bati vimetundikwa ukutani, kila kimoja na msumari wake na uzi wa rangi yake. Asubuhi Mwalimu anaita majina. Aliyeitwa anasimama, anachukua kikombe chake, anakwenda kwa Selpha mpishi awekewe uji. Wewe ukiona utasema ni uji tu. Sivyo, ndio mtihani wao wa kila siku, na Mwalimu anaweka alama kwenye daftari. Mwalimu huyu ni mtu wa Machakos, alikuwa karani wa jeshi, na daftari kwake ni kitu kikubwa.

Mwanao haitiki. Anaitwa, yeye anaangalia nzi. Wiki tatu hajasimama hata siku moja. Wote wakishapata, mimi namchukulia kikombe. Mwalimu ameandika: hajui jina lake. Na hilo ndilo swali la kwanza kwenye karatasi ya daktari.

Nimeona ni afadhali ulisikie kwangu.

Dada yako,
Hadijah


Malaba,
6 Juni 1976

Kwa dada Hadijah,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima wa mwili.

Barua yako nimeisoma mara nne na bado sijaielewa. Mimi ninauza uji, dada. Nawapikia watu wa Kampala na wa Kigali, na mtoto wangu anakunywa wa mwisho?

Hajui jina lake! Alilijua kabla hajajua kukaa. Majirani wote hapa Malaba wanamwita na anakwenda. Mama Nusura wa nyumba ya pili akimwita ampe ndizi, hata hajamaliza kuita, yuko hapo. Sasa jina limepotelea wapi? Kati ya Malaba na Funyula?

Mume wangu anasema masista wanatafuta sababu. Mama mkwe alikuja Jumatano, yeye anasema masikio yamezibwa, kuna mtu alimtazama vibaya kwenye basi. Mimi nimewaza jambo lingine na usinicheke. Mna watoto ishirini. Inawezekana yule mnayemwita si wangu? Wangu ana kovu chini ya goti la kulia, aliangukia sufuria. Tafadhali angalia goti.

Na kama kweli ni yeye, mwite kwa sauti laini. Hapendi kelele.

Mdogo wako,
Leonida


Funyula,
Jumamosi, 19 Juni 1976

Mdogo wangu,

Salamu na pole kwa mawazo. Hapa ni mvua, nguo hazikauki, bweni zima linanuka sweta.

Goti nimeliangalia. Kovu lipo. Ni wako.

Masikio pia. Nilimwomba nesi anayekuja kila Alhamisi amwangalie. Alimulika huku na huku, akasema safi. Akaangusha kijiko nyuma yake, mtoto akageuka. Akaangusha punje ya hindi, akageuka. Halafu nesi akamwita jina lake kwa nyuma, polepole, na mtoto akaendelea kuvuta uzi wa sweta.

Mwalimu Zephaniah alikuwa amesimama hapo. Akasema, "Umeona, Bi Hadijah? Bomba ni zima. Maji ndiyo hayafiki." Nikamwambia, "Mwalimu, huyo ni mtoto, si bomba." Akasema, "Usinikasirikie mimi, kasirikia daftari." Lakini si mtu mbaya, Leonida. Kesho yake alikuja na peremende mfukoni, akamwita mara ishirini akiishika juu. Mtoto aliifuata peremende. Mwalimu alipoificha akaita jina tu, basi, ikawa kama ameita ukuta.

Laini nimeita. Kali nimeita. Nimeimba pia. Sijui nikuambie nini.

Habari njema ni kwamba ubao ameuvuka wote juzi, mwanzo hadi mwisho. Alipofika ng'ambo alijipigia makofi.

Dada yako,
Hadijah


Malaba,
29 Juni

Dada Hadijah,

Salamu. Tuko.

Nimefurahi kwa habari ya ubao. Niliwaambia madereva wawili wasiomjua, wakasema hongera mama.

Lakini usiku na mchana nawaza hili. Labda ni mimi. Labda hakuwa akija kwa sababu ya kuitwa, alikuwa akija kwa sababu ya harufu ya uji, na mimi nikasema ameitika. Mtu akipenda sana anaweza kuona kitu ambacho hakipo. Mama mkwe aliniambia maneno hayo zamani, nikamkasirikia wiki nzima.

Mume wangu ameshaanza kusema "akirudi". Hasemi tena "kama akirudi".

Tarehe kumi ni siku ya wazazi. Nitakuja hata kwa miguu.

Leonida, mdogo wako


Funyula,
Jumanne, 13 Julai 1976

Mdogo wangu Leonida,

Natumaini ulifika salama Jumamosi, na basi halikukwama tena pale penye matope. Ndizi ulizoleta watoto walizimaliza kabla hujafika barabarani.

Naandika mbio kwa sababu kuna kitu hakinipi usingizi.

Ulipoingia getini mimi nilikuwa kwenye kabichi pamoja nao. Ngoma ilikuwa inalia, wazazi wanaongea, na mwanao alikuwa ameinama akimwaga maji, amekupa mgongo. Nakuambia, amekupa mgongo. Hakukuona. Nikaona mdomo wako umefunguka, umeita kitu. Sikusikia umeita nini, ni mbali na ngoma ilikuwa juu. Mtoto akaangusha kopo. Akageuka, akaja mbio akiburuta mguu, akapita juu ya kabichi mbili za Sista mkuu.

Nilimwambia Mwalimu. Akasema amemwona mama yake, hata mwana-mbuzi anamjua mama yake. Nikamwambia hakuona. Akasema basi alisikia sauti ya mama yake, hiyo haihesabiki, swali la daktari linasema jina.

Usiku nilikaa nikajiuliza. Sauti yako ni ya kawaida tu, usikasirike. Wewe unamwitaje? Mimi kila asubuhi naita Okwara, Okwara, kama ilivyo kwenye daftari na kwenye cheti alichokuja nacho baba yake, Okwara mpaka koo linakauka. Wewe unasemaje? Niandikie neno kwa neno, hata kama ni upuuzi. Kama kuna wimbo, andika wimbo.

Zimebaki wiki tatu.

Dada yako,
Hadijah


Malaba,
Jumapili, 25 Julai 1976

Dada yangu Hadijah,

Pokea salamu na samahani. Barua yako imelala kwa Ali siku tisa. Malori yamezuiwa kuvuka, mji umejaa madereva wanaolala chini ya magari, na Ali aliiweka barua ndani ya daftari la sukari akaisahau. Leo ameniletea mwenyewe, akasema, "Mama, nipige." Sikumpiga.

Dada, nilipofika pale ulipoandika lile jina, niliifunika karatasi kwa mkono. Nilikuwa peke yangu nyumbani na bado niliifunika.

Mnamwita hivyo? Mbele ya watu, akiwa ameketi kwenye mkeka, wakati wa uji?

Sijui nianzie wapi, nilidhani kila mtu anajua. Hilo ni jina la baba mkwe. Mzee alifariki mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa, na mtoto alipozaliwa alilia siku mbili bila kunyonya, wakamtajia majina ya watu waliotangulia, alipotajiwa la mzee akanyamaza akanyonya. Basi ni lake. Lakini mimi nimeolewa pale, siwezi kulitia mdomoni. Hata kuliandika sasa kalamu inakataa, utanisamehe. Kwetu mke hataji jina la baba wa mume wake, akiwa hai au akiwa amelala. Mimi namwita Kuka, yaani Babu. Majirani walisikia kwangu, nao wanamwita Kuka. Mama mkwe hawezi kumwita jina la mume wake, anamwita Mzee Wangu. Mume wangu akiwa na furaha anamwita Baba, na asipokuwa na furaha hamwiti kabisa. Jina la ubatizo hajapata, kila tulipopanga aliugua.

Kwa hiyo lile la kwenye cheti ni la serikali. Hajalisikia hata siku moja. Ni kama mimi nikae hapa mtu apite barabarani akiita Bwana Posta, Bwana Posta. Nitageuka kwa nini?

Kwenye geti nilisema, "Kuka, njoo." Ndilo hilo tu. Hakuna wimbo.

Sasa sijui nifurahi au niogope. Nafurahi kwa sababu sikuwa nimejidanganya. Naogopa kwa sababu siku zimekwisha na karatasi imeshaandikwa. Na wewe Hadijah, tulikaa dawati moja, ulikuwa hujui?

Nampa barua hii dereva wa basi mkononi.

Mdogo wako,
Leonida


Funyula,
Ijumaa, 30 Julai

Leonida,

Sitaki hata kusalimu, nitasalimu mwishoni.

Nilikuwa sijui! Nimekulia Busia mjini, babu yangu Mutwalibu ana wajukuu wanne wenye jina lake, na mama yangu anawaita kwa jina hilo hilo akiwachapa. Ya ndani ya nyumba zenu ningeyajulia wapi? Shuleni uliitwa Leonida, nami Hadijah, tukamaliza.

Barua imefika jana jioni. Leo nilimpeleka kwenye kabichi, mimi na yeye tu. Nikasimama nyuma yake. Nikasema polepole, kama anayesema na nafsi yake, "Kuka." Leonida, aligeuka akaniangalia kama mtu aliyenisubiri miezi mitatu nijue kuongea. Nikakaa chini kwenye matope.

Nikamkimbilia Mwalimu. Kwanza hakuelewa. Alipoelewa akasema, "Kwa hiyo unataka nisimame mbele ya darasa nimwite mtoto wa miaka sita Babu?" Nikasema ndiyo. Akasema cheti kinasema vingine, daftari linasema vingine, alama za siku sitini zimeshawekwa na orodha ya wanaorudishwa iko kwa Sista. Kwenye orodha wamo watoto saba. Mwanao ni wa tatu.

Nimekwenda kwa Sista Gertruda. Yeye ni Mdachi, anasikia Kiswahili cha dini kuliko cha nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mara mbili, "Mama hawezi kusema jina la mtoto wake?" Nikasema hawezi. Akasema, "Hawezi au hataki?" Mwishowe akasema orodha haiwezi kubadilika kwa neno la yaya, lakini Ijumaa nitaruhusiwa kusimama mbele ya daktari.

Sijawahi kusimama mbele ya daktari isipokuwa nikiwa mgonjwa. Niombee kwa dini yako.

Na salamu sasa: hujambo?

Hadijah


Malaba,
Jumanne, 3 Agosti

Dada,

Naomba asubuhi na jioni.

Mume wangu anakuja huko Ijumaa na gunia la kubebea nguo zake. Nilimsomea barua yako. Akasema, "Karatasi ikishaandikwa imeandikwa. Mimi nafanya kazi mpakani, najua karatasi." Nilitaka kuja mimi, akasema fomu zina jina lake, kwa hiyo atakuja yeye.

Nimeshindwa kupika leo. Hawezi au hataki? Swali hilo la Sista na mimi nimelibeba kichwani tangu jana. Jana nilijaribu, dada. Nilifunga mlango, nikafungua mdomo. Halikutoka. Nilimwona mzee kama alivyokuwa, na kofia yake, anapita mbele ya nyumba anakohoa ili mimi nijue niingie ndani.

Ikiwa ni lazima nijifunze, mwambie Sista nitajifunza. Wasimrudishe tu.

Leonida


Funyula,
Ijumaa, 6 Agosti 1976, jioni

Mdogo wangu Leonida,

Salamu. Barua hii nampa mumeo Protus mkononi. Ameketi nje na mtoto, basi linakuja saa kumi na moja, kwa hiyo mwandiko uusamehe.

Daktari ni mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Wote ishirini waliketi kwenye mkeka, vikombe ukutani, Selpha na sufuria yake. Mumeo alisimama mlangoni ameshika gunia. Sista akasema, "Yaya huyu ana jambo." Nikasema, "Daktari, namba tatu kwenye orodha nyumbani kwao haitwi hivyo. Anaitwa Kuka, maana yake Babu, kwa sababu jina la kwenye cheti ni la baba mkwe wa mama yake, naye halitaji."

Daktari akamgeukia Mwalimu. "Ulijua?"

"Mimi naita kilichoandikwa, Daktari."

Akamgeukia mumeo. "Mzee, wewe ndiwe baba? Kwa nini uliandika jina ambalo mtoto halijui?"

Protus akasema, "Fomu ilitaka jina kamili. Haikuuliza nyumbani tunasemaje."

Daktari alifuta miwani yake. Halafu akasema, "Basi ita, Mwalimu."

Mwalimu Zephaniah akasimama wima kama anayetoa saluti. Akakohoa. Akaita, "Kuka!"

Wakasimama watatu.

Nakuapia. Watatu! Wako, na yule mrefu wa Budalang'i, na mmoja mdogo wa Nambale ambaye sijawahi kumwona akisimama bila kushikwa mkono. Wakagongana ukutani. Selpha akaangusha mwiko akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Sista akasema, "Nini? Nini?" Selpha akasema, "Sista, hao wote ni akina Kuka. Na huyo msichana wa Kiteso, Amoding, ninyi mnapoteza bure pumzi, kwao wanamwita Tata. Ni nyanya, mzaa baba." Sista mwenyewe akaita, "Tata?" na Amoding akainuka akatengeneza gauni lake.

"Selpha," nikamwambia, "miezi yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza? Nilidhani ndivyo shule inavyoita watu. Mimi ni wa uji."

Wanne hao wote walikuwa kwenye orodha ya saba. Mwalimu Zephaniah alikaa juu ya debe, daftari magotini, akawa anafungua kurasa kurudi nyuma, kurudi nyuma, Juni, Mei. Nilimwonea huruma, kweli.

Utauliza wako alifanya nini. Alijikojolea kidogo, kwa ule msongamano. Lakini kikombe alichotoka nacho pale kilikuwa chake.

Daktari alifunga kalamu yake. Akasema, "Sista, siwezi kutia sahihi. Sijui nimempima nani." Hakuna anayerudishwa, sasa wanakwenda likizo tu. Wote saba wanaanza upya Septemba, muhula mzima. Usifikiri yamekwisha, kupimwa atapimwa tena. Na wale watatu waliobaki kwenye orodha hakuna ajuaye, labda nao wana majina mahali, labda hawana. Sista alizunguka bweni akisema peke yake kwa lugha ya kwao.

Baadaye akaniita. Anasema siku ya kufungua, tarehe saba Septemba, wazazi wote watakuwepo, na anataka kila mtoto aandikwe anavyoitwa kwao. Lakini Mwalimu alishajaribu siku za nyuma: akimwuliza mama jina la mtoto, mama anaangalia chini anamsukuma baba mbele, na baba anasoma cheti. Mimi hawatanijibu, mimi ni Hadijah wa mjini. Anahitajika mwanamke anayejua kuuliza jambo hilo bila kulitaja. Sista ameniuliza kama namjua mmoja. Nikamwambia ninamjua.

Basi ndilo hilo linalopiga honi.

Dada yako,
Hadijah


Malaba,
Jumatano, 11 Agosti 1976

Kwa dada yangu mpenzi Hadijah,

Salamu, dada, salamu tena. Mtoto amefika. Mimi ni mzima, ila kichwa changu kimekuwa kama soko la Jumatatu, kila mtu anasema na sijui nimsikilize nani.

Mume wangu siku hiyo alikula akalala. Kesho yake, anakunywa chai, akasema, "Walisimama watatu." Akamalizia kikombe akaenda kazini. Jioni akawaambia wapagazi wenzake tena, "Nakuambieni, walisimama watatu!" Lile gunia ameniambia nilifanyie kazi nyingine.

Mama mkwe naye nilimsimulia. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Kwa hiyo mzee ameitwa kwa sauti ya jeshi mbele ya sufuria ya uji." Nikasema, mama, aliitwa Kuka tu. Akasema, "Miezi mitatu kabla ya hapo aliitwaje?" Nikaenda kuchochea moto. Mpaka sasa sijui kama amekasirika. Lakini mpaka Septemba amesema atakuwa anakaa na mtoto asubuhi, kwa hiyo labda hajakasirika. Jana niliwakuta wawili hao wanachambua maharagwe na mahindi yangu ya kupika, na mama mkwe anamgombeza kwa kula mahindi.

Sasa jambo la tarehe saba. Dada, mimi niliachia darasa la tano, unajua, ulikuwepo. Nitasimama vipi mbele ya Mwalimu mwenye daftari? Na nikiuliza vibaya, na mama mwingine akiona nimemvunjia heshima? Mambo hayo hatuyasemi, tunayajua tu. Usiku niliwaza nikuandikie kwamba siwezi. Halafu nikawaza wale watatu waliobaki, mama zao wako wapi, na wanawaitaje.

Mwambie Sista nitakuja. Lakini nina masharti. Kwanza, wanawake tukae upande wa jikoni kwa Selpha, tumenye kitu, mihogo au viazi, maana mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Sitamwuliza mtu, "Mtoto anaitwa nani?" Nitamwuliza, "Akipotea sokoni utapiga ukelele gani?" Hilo watajibu. Pili, Mwalimu akae mbali kule kwenye kabichi na daftari lake, mbele ya mwanamume hawatasema. Wewe uwe karibu yangu na kalamu, mimi nitakunong'oneza, maana mwandiko wangu Sista hatausoma.

Na uniambie upesi, siku hiyo mnavaa viatu, au hata malapa ni sawa? Viatu ninavyo, ila kimoja kimeshonwa.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kuka